Mgongo Hauumi?

Jotham Makokha, nahodha, ndiye aliyemtaka Victor. Hilo lisemwe kwanza, maana mambo yalipoharibika kila mtu klabuni alijifanya hakuwamo, na wengine walidai hata kikaoni hawakuhudhuria. Walihudhuria wote. Walijibana katika chumba cha nyuma ya duka la Mansukh kule Kenton, London, wakakalia magunia ya mchele na makatoni ya samli, wakabishana mpaka chai ya Damyanti, mke wa Mansukh, ikapoa vikombeni. Neno lilikuwa moja tu: Klabu ya Kriketi ya Ngara imtoe Severin kwa timu ya Edmonton, na Edmonton nao wamtoe Victor, au kila mtu abaki na wake?

Severin alikuwa Mgoa wa Mombasa, mtu wa miaka hamsini hivi, mwenye kitambi cha heshima na mkono wa kulia usiojua kuchoka. Alirusha mpira polepole, bila mbwembwe, ukaangukia palepale alipotaka, mwaka nenda mwaka rudi. Hakuna aliyewahi kuja uwanjani kwa ajili ya kumtazama Severin. Lakini hakuna pia aliyewahi kufika uwanjani akamkosa. Hata wiki aliyong'olewa magego alikuja, shavu limevimba kama andazi, akarusha mipira yake, akarudi kwake Neasden kwa basi.

Victor alikuwa kinyume chake kwa kila kitu. Kijana wa miaka ishirini, mrefu, mzaliwa wa London, mtoto wa nesi Mkenya aitwaye Marion. Alianza kukimbia kutoka mbali, mabega yametulia, na alipouachia mpira mpigaji hakuuona, aliusikia tu ukipita. Edmonton wenyewe walikiri hawajapata kuwa na mrushaji kama yule. Tatizo lilikuwa mgongo. Akicheza mechi mbili, zile zinazofuata yuko kitandani na chupa ya maji ya moto kiunoni. Edmonton walikuwa wamechoka kupanga timu kwa kupiga ramli.

Mansukh, mwenyekiti, hakuutaka mpango huo hata kuusikia.

"Jotham, sikiliza mimi," alisema, kwa Kiswahili chake cha Nairobi ya zamani alichokuja nacho London na kukitunza vizuri kuliko fanicha. "Gari ya kulala gereji kila wiki, mimi hapana nunua. Hata kama iko Mercedes. Huyu kijana iko na mgongo ya mzee."

"Mwenyekiti, mgongo unatibika," alijibu Jotham. "Kipaji je? Utakipata wapi? Hapa dukani kwako unacho?"

Watu wakacheka, na Jotham akajua amewashika. Ilikuwa mwaka 2003. Mapema mwaka ule Kenya ilikuwa imefika nusu fainali ya Kombe la Dunia la kriketi, na kila mtu wa Afrika Mashariki aliyewahi kushika gongo, awe Mhindi wa Ngara au Mluhya wa Kakamega, alitembea London kifua mbele. Ngara, iliyochukua jina la mtaa wa Nairobi, ilikuwa klabu ya watu hao: Wahindi waliohama Nairobi na Kampala, Wakenya weusi watatu wanne, na Mgoa mmoja. Kiswahili kilikuwa lugha yao ya uwanjani kwa sababu wapinzani hawakuambulia kitu. Miaka yote walikuwa wakicheza vibaya kwa furaha. Mwaka ule wakapata tamaa.

Jotham alikuwa na tamaa yake mwenyewe, nayo ilikuwa kubwa kuliko ya klabu. Huko Kakamega alikuwa mwalimu wa michezo. Alifundisha vijana chungu nzima, na hakuna hata mmoja aliyefika popote. London ilimpokea ikampa kazi ya kuogesha wazee katika nyumba ya kulelea wazee, kazi halali, na hakuidharau. Lakini alikuwa akiingia kwenye umri wa kujiuliza amefanya nini duniani, na jibu lilikuwa dogo mno. Halafu akamwona Victor akirusha. Akasikia kwamba timu moja ya kaunti, ya wachezaji wa kulipwa, imeshamtia jicho, na mtu wao amesema atakuja kumtazama tena mwisho wa msimu. Akimkuta mzima, watamchukua. Jotham hakulala vizuri tangu siku aliyosikia habari hiyo. Alitaka awe yeye aliyemfikisha.

Basi kura zikapigwa, na Victor akashinda.

Jotham ndiye aliyekwenda kumwambia Severin. Alimkuta kwenye kituo cha basi, begi begani.

"Kwa hiyo mnanitoa," Severin alisema.

"Si kukutoa. Ni kubadilishana."

"Mimi sijaumwa hata siku moja, Jotham. Ndiyo kosa langu?"

Jotham aliona haya, akaangalia barabarani kana kwamba ndiye aliyekuwa akisubiri basi. Severin hakuwa mtu wa kuweka kinyongo, au kama alikiweka alikiweka vizuri. Alipanda basi lake akageuka mlangoni. "Huyo mtoto mwangalieni lakini," alisema.

Jambo hilohilo Marion alilisema kwa uzito zaidi. Alimwita Jotham nyumbani kwake Edmonton, akamkaribisha chai na mkate, na Victor alipopanda juu chumbani kwake, mama akavuta kiti karibu.

"Mwalimu, huyu ndiye mtoto wangu wa pekee. Na hatasema mwenyewe. Babake alikuwa hivyohivyo, maumivu anayameza tu, mpaka tukamzika. Mimi niko zamu kila Jumamosi, siwezi kuja uwanjani. Kwa hiyo nakuachia wewe. Kabla hajashika mpira, muulize mgongo. Ukimuuliza hawezi kukudanganya, hivyo ndivyo nilivyomlea. Akikwambia unauma, mkalishe chini. Hata kama ni fainali ya nini."

"Nitamuuliza, Mama Victor. Kila mechi."

"Niahidi."

"Nakuahidi mbele ya Mungu."

Na alimuuliza. Kila Jumamosi, kabla ya mchezo, alimvuta Victor kando na kumuuliza, "Mgongo unauma?" Kijana alikielewa Kiswahili cha mamake, cha jikoni na cha kukaripiwa, ila kukizungumza hakuweza. Alijibu kwa Kiingereza. "Nah," alisema, na Jotham akampa mpira.

Wiki zile za mwanzo Ngara walikuwa watu wengine. Victor aliangusha vijiti vya kila mpigaji aliyejisimamisha mbele yake, na mpigaji akiangushiwa vijiti ametolewa. Mansukh, aliyekuwa amepinga kwa nguvu zote, sasa alifunga duka mapema aje kutazama, na alimweleza kila mteja jinsi yeye mwenyewe alivyomgundua yule kijana.

Siku moja wakati wa mapumziko ya chai Damyanti alikuwa akipitisha sinia la kachori. Alipofika kwa Victor akamuuliza, "Wewe hutaki kachori?"

"Yeah," alisema Victor, na mkono ukaanza kunyooka.

"Haya," alisema Damyanti, akapita na sinia lake.

Kijana alibaki na mkono hewani, na macho yake yakaifuata ile kachori ya mwisho mpaka ikaishia kinywani mwa Mansukh. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Jotham ndiye aliyeeleza, kwa raha ya mwalimu aliyepata somo zuri.

"Mama Damyanti, huyu anasikia Kiswahili kwa sikio la Kiingereza. Wewe umesema 'hutaki', yeye amesikia 'taka' tu. Hiyo 'yeah' yake maana yake anataka."

"Sasa mimi tajua vipi?" Damyanti alilalamika. "Mtu nauliza yeye hutaki, yeye nasema ndiyo, basi hataki!"

"Kwetu ndivyo. Ndiyo, umesema kweli, sitaki. Kwake yeye sivyo."

Tangu siku ile ukawa mzaha wa klabu. Mtu akimwona Victor alimuuliza, "Hutaki kachori?" na wote wakaitikia, "Yeah!" Victor mwenyewe alicheka. Jotham aliusimulia mzaha huo kila mahali, kazini, kanisani, kwenye simu kwa dada yake Kakamega. Aliujua kuliko mtu yeyote. Hilo ndilo lililokuja kumtafuna.

Katikati ya Julai alimuuliza kama kawaida, "Mgongo unauma?" na Victor akainama kufunga kamba za viatu. "Yeah," alisema. "Bit."

Jotham alimkalisha. Aliahidi, na alitimiza. Ngara wakafungwa siku ile, wakafungwa iliyofuata, wakafungwa tena. Yule wa kuziba pengo alikuwa Severin, na Severin alikuwa Edmonton akirusha mipira yake kila Jumamosi bila kukosa. Minong'ono ikaanza. Mansukh, ambaye sasa hakumgundua tena mtu yeyote, alimwambia Jotham mbele ya watu, "Mimi nilisema gereji. Nilisema au sikusema?" Hata watoto wa wachezaji walimtazama Jotham kwa jicho baya. Victor alikaa kwenye ukingo wa uwanja na koti lake, akitazama chini kama aliyevunja kitu cha watu.

Ilipofika mwisho wa Agosti imebaki mechi moja, na mechi yenyewe ni dhidi ya Edmonton. Atakayefungwa anashuka daraja. Na mtu wa kaunti amepiga simu kusema atakuja. Maji yalikuwa yamemfika Jotham shingoni. Asubuhi ile aliwaogesha wazee wawili na kumwita mmoja kwa jina la mwenzake, akatoka kazini akiomba njia nzima ndani ya basi. Hakuomba Victor awe mzima. Aliomba Victor acheze. Wakati ule hakuiona tofauti.

Victor alikuwa katika chumba cha kubadilishia nguo, amekaa wima kwenye benchi. Nje watu walikuwa wakipiga kelele, Mansukh akiita majina. Jotham alisimama mlangoni. Wiki zote alikuwa akiuliza, "Mgongo unauma?" Siku ile ulimi wake ukauliza kile moyo wake ulichotaka kusikia.

"Mgongo hauumi?"

Victor alimtazama. Alichelewa kidogo kujibu.

"Yeah," alisema. Halafu akaongeza, "I'll bowl, though. If you want me to."

Jotham alisikia ile yeah. Ndiyo, hauumi. Furaha ikampanda, hayo mengine, kwamba hata hivyo atarusha akitakiwa, akayachukua kuwa adabu ya mtoto aliyelelewa vizuri. Alimpiga begani.

"Haya, twende!" alisema.

Na Victor akainuka, akaenda.

Alirusha kama mtu anayekimbia moto. Mtu wa kaunti alikuwa amesimama karibu na gari lake, mikono kifuani, na Jotham, aliyekuwa nahodha na amesimama uwanjani pamoja na vijana wake, alimwibia jicho kila baada ya mpira. Wapigaji wa Edmonton walitolewa mmoja baada ya mwingine. Kila Victor alipomaliza zamu ya kurusha Jotham alimwendea, akamwambia, "Endelea, mwanangu, endelea," na kijana aliitikia kwa kichwa bila kufungua mdomo.

Edmonton walipobakiwa na wapigaji wawili wa mwisho, akitolewa mmoja Ngara wameshinda, Severin alikuwa mmojawapo. Kwenye kriketi wapigaji wawili husimama pande mbili, mmoja akipokea mpira na mwenzake akingoja kule mrushaji anakorushia. Severin ndiye aliyekuwa akingoja, hatua chache tu kutoka pale Victor alipokanyaga kila alipouachia mpira. Mipira kadhaa ikapita. Severin akamtafuta Jotham kwa macho, akapaza sauti, kwa Kiswahili, katikati ya uwanja.

"Jotham! Huyu mtoto anaguna kila akitua. Anaumia! Mpumzishe!"

Wale Waingereza wa Edmonton hawakuelewa neno. Ngara wote walielewa. Mansukh akacheka kutoka ukingoni.

"Severin, wewe naogopa?"

Wengine nao wakacheka. Jotham akashika hicho kicheko kama mtu aliyetupiwa kamba. Bila shaka, aliwaza. Anataka timu yake ipone. Tulimtoa, sasa analipiza. Nani asiyejua ujanja huo?

"Cheza mpira wako, Severin," alisema.

"Jotham, nakuapia Mungu."

"Nimemuuliza mwenyewe. Haumwi."

Victor alikuwa amesimama mbali, mwanzoni mwa mbio zake, akiuzungusha mpira mkononi. Sauti zilimfikia, na majina, lakini maneno yenyewe yalikuja haraka mno kwa Kiswahili chake cha jikoni. Aliona tu Severin akisema jambo na mwalimu akikataa. Kisha mwalimu akampungia mkono aje.

Akaja. Mpira ulipita chini ya gongo la mpigaji ukang'oa kijiti cha katikati kikaruka hewani, na Ngara wote wakalipuka. Walikimbia, wakakumbatiana, wakarukiana, Jotham akiwa wa kwanza, mikono juu, analia kwa furaha bila aibu. Walimpita Victor. Hilo Jotham hakujisamehe: walimpita. Kijana alikuwa amelala kifudifudi kwenye nyasi, mkono mmoja umenasa chini ya tumbo, na aliyepiga magoti kando yake, gongo amelitupa, alikuwa Severin.

"Asiguswe," Severin alikuwa akisema, kwa sauti ya chini. "Asimguse mtu."

Jotham alipogeuka, mtu wa kaunti alikuwa akifungua mlango wa gari lake. Hakuaga mtu.

Hospitalini walisema mfupa wa mgongo umepasuka pande mbili. Ulikuwa na ufa wa zamani, wakasema, mdogo, wa kupumzisha tu, na sasa umefunguka. Atatembea. Baada ya miezi mingi ataweza hata kukimbia kuwahi basi. Lakini kurusha mpira, asahau. Daktari aliyesema hayo alikuwa mpole, akauliza kama kijana alihisi maumivu kabla ya mchezo, na kama kuna mtu mzima yeyote aliyejua. Marion alijibu kwamba mwalimu alimuuliza mtoto, kila mechi, ndivyo walivyopatana. Alijibu hivyo bila wasiwasi wowote. Jotham alikuwa ukutani, akitazama viatu vyake.

Klabu ilibaki katika daraja lake. Wakafanya karamu ndogo dukani kwa Mansukh. Jotham hakwenda.

Oktoba ilipoanza kuleta baridi alijikaza akaenda Edmonton. Marion alimfungulia, amekonda, sare ya kazi bado mwilini. Hakuwa na ukali. Hilo lilikuwa gumu kuliko matusi. "Karibu, Mwalimu. Yuko sebuleni. Kitanda kinamsumbua, analala chini." Akaingia jikoni kutia maji birikani, na mlango akauacha wazi.

Victor alikuwa amelala chali juu ya godoro jembamba, macho darini. Runinga ilikuwa ikiwaka bila sauti. Jotham alikaa kwenye ukingo wa kochi.

"Pole, mwanangu," alisema. "Pole sana. Lakini ungeniambia. Ningekukalisha, unajua ningekukalisha."

Victor aligeuza kichwa polepole, sehemu pekee aliyoweza kugeuza bila kukunja uso. Hakukasirika. Alionekana kushangaa tu.

"I did tell you," alisema. "You asked me. You said mgongo, you said uma. I said yeah." Akaongeza: "And you said twende."

 Jotham aliona sinia la Damyanti likipita, na mkono wa kijana hewani, na watu wakishika mbavu, na yeye mwenyewe amesimama katikati akieleza. Anasikia 'taka' tu. Hiyo yeah yake maana yake anataka. Kumbe mtoto alimwambia kweli, kama mamake alivyosema atasema. Aliambiwa kweli, akampiga mtoto begani, akampeleka uwanjani. Na wiki zote hizi Victor ameamini kwamba mwalimu alijua, na akijua hivyo akamwambia twende, naye akaenda kwa sababu ni mwalimu.

Marion alikuwa ametokea kwenye mlango wa jikoni, kikombe mkononi. Alikuwa amesikia. Uso wake ulikuwa unaomba, unamsihi Jotham amuokoe na kile alichokisikia.

"Mwalimu," alisema. "Hukujua?"

"Ndiyo," alisema Jotham. "Ndiyo, Mama Victor."

Lilimtoka kabla hajafikiri, Kiswahili safi alichozaliwa nacho. Ndiyo, sikujua. Na Marion akalipokea hivyo. Mabega yake yakashuka, akafumba macho, akashusha pumzi ndefu ya mtu aliyetuliwa mzigo. "Nilijua tu," alisema. "Nilijua hukujua." Akaja akamwekea chai mbele yake, akamgusa mkono kidogo, akarudi jikoni kufuata sukari.

Pale chini, Victor alikuwa amesikia naye, kwa sikio lake la Kiingereza. Mama ameuliza jambo la kujua, na mwalimu amejibu ndiyo, mara mbili, bila kusita. Alimtazama Jotham muda mfupi, kisha akayaondoa macho yake kwake, akayarudisha darini.

Ilikuwa ni kueleza tu. Maneno mawili matatu ya Kiingereza yangetosha, na Jotham alikuwa hodari wa kueleza. Lakini alikumbuka jinsi kijana alivyochelewa kujibu siku ile kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Alikumbuka ile 'though', akakumbuka 'if you want me to', na sauti ya Severin uwanjani, na kile kicheko alichokishika haraka. Akajiuliza kama kweli hakujua. Sukari ikaletwa. Akakoroga chai yake, akakoroga, na hakumwambia mtoto kwamba amesikia vibaya.